Meryon, baharia aliyemtukuza baharia mwenzake

Kuna picha ya njia moja nyembamba iliyonikaa moyoni tangu nilipoiona mara ya kwanza katika kitabu kikuukuu nilichokinunua kwa mchuuzi wa vitabu hapa Mombasa. Si picha ya rangi. Ni weusi na weupe mtupu. Yaonyesha uso wa nyumba ya zamani, mlango wenye giza, dirisha la chini lenye nondo, na wanawake wawili wanaopita huku vichwa vyao vimeinamiana kama watu wenye siri. Njia yenyewe iko Paris, huko Ufaransa, na jina lake ni Rue des Mauvais Garçons, yaani Mtaa wa Vijana Waovu. Aliyeichora ni Charles Meryon, mwaka 1854.

Niliponunua kitabu kile nilidhani nimenunua picha za majumba. Nilipokifungua vizuri nyumbani, baada ya sala ya isha, ndipo nilipogundua kwamba picha zile zote, majumba na madaraja na njia, zilikuwa zimetolewa tunu kwa mtu mmoja. Na mtu huyo hakuwa mfalme wala tajiri. Alikuwa mchoraji Mholanzi aliyekwisha kuzikwa karibu miaka 200, jina lake Reinier Nooms, ambaye watu wa Amsterdam walimwita Zeeman. Maana ya neno hilo kwa lugha yao ni baharia, na yeye mwenyewe akapenda kulitia katika sahihi yake.

Nataka leo nieleze habari za watu hawa wawili, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa wote walikuwa watu wa maji kama sisi. Ya pili nitaitaja mwishoni, maana yanihusu mimi.

Meryon alizaliwa Paris mwaka 1821, na kuzaliwa kwake kulikuwa mzigo tangu siku ya kwanza. Mamake alikuwa mcheza dansi katika jumba la michezo, na babake alikuwa daktari wa Kiingereza, Charles Lewis Meryon. Wawili hawa hawakuwa mke na mume. Huyo daktari ndiye aliyefuatana na bibi mkubwa wa Kiingereza, Lady Hester Stanhope, katika safari zake za nchi za Waarabu, Sham na Lebanon, akaandika vitabu juu ya habari zake. Mtoto alilelewa na mamake, akapewa jina la baba baadaye. Aibu ile ya kuzaliwa ilimfuata mpaka kaburini, na wasomaji wangu ambao wamekulia mitaani wajua jinsi ulimi wa jirani unavyoweza kuwa mkali kuliko wembe.

Mwaka 1837 aliingia chuo cha mabaharia wa serikali huko Brest, akiwa kijana wa miaka 15. Alisafiri katika bahari ya Mediterania, na huko Athens akachora magofu ya Wayunani. Kisha, mwaka 1842, akapanda manowari iliyoitwa Le Rhin, ikampeleka upande wa pili wa dunia hata New Zealand, mahali paitwapo Akaroa ambapo Wafaransa walikuwa na makao madogo. Alirudi mwaka 1846. Miaka minne baharini, akichora mitumbwi ya wenyeji, nyumba zao na pwani zao. (Kwa wanaopenda kulinganisha nyakati: marehemu Muyaka bin Haji, malenga wetu wa Mvita, alifariki dunia mwaka 1840, wakati kijana huyu alikuwa bado anajifunza kufunga tanga.)

Aliporudi aliacha ubaharia akataka kuwa mchoraji wa rangi. Alianza na jambo kubwa: kuuawa kwa nahodha Marion du Fresne huko New Zealand mwaka 1772, akalionyesha pazia la mchoro huo katika maonyesho makuu ya Paris ya mwaka 1848. Lakini Mwenyezi Mungu alikuwa amemnyima kitu kimoja. Macho yake hayakuweza kuzipambanua rangi sawasawa. Mtu aliyetaka kuchora bahari na misitu, na kumbe hakuziona rangi zake kama wazionavyo wengine! Wengi wangeiacha kalamu hapo hapo wakatafuta kazi ya karani. Yeye alikwenda kwa fundi mmoja, Eugène Bléry, akajifunza kazi isiyohitaji rangi.

Kazi hiyo Wafaransa huiita kwa jina ambalo likifasiriwa ni maji yenye nguvu, na sisi tungeyaita maji makali, yaani tindikali. Napenda kuieleza, kwani masonara wetu hawataiona ngeni. Fundi huchukua bamba la shaba lililosuguliwa hata likang'aa kama kioo, akalipaka nta nyembamba, kisha akaifukiza nta ile kwa moshi wa mshumaa mpaka iwe nyeusi. Juu ya weusi huo huchora kwa sindano. Sindano haikati shaba, huondoa nta tu, na kila inapopita shaba huonekana iking'ara. Halafu bamba hutiwa katika tindikali, na tindikali huila shaba pale tu palipokwaruzwa. Akitaka mstari mwembamba hulitoa upesi. Akitaka weusi uliokolea huliacha likaliwa zaidi. Kisha nta hufutwa, wino ukapakwa ukaingia mifuoni, uso wa bamba ukapanguswa kwa kitambaa na kiganja, karatasi yenye unyevu ikawekwa juu, na vyote vikapitishwa baina ya magurudumu mazito ya mashine. Picha hutokea kinyume na ilivyochorwa, kushoto ikawa kulia. Basi mwenye kuchora njia ya mji hana budi kuichora kichwani mwake imegeuka, na asisahau hata herufi moja ya kibao cha dukani. Ni kazi ya subira.

Katika kujifunza huko alifanya kama wafanyavyo wanafunzi wote: alinakili kazi za waliomtangulia. Ndipo alipokutana na Zeeman. Huyu Zeeman alizaliwa yapata mwaka 1623, akafa katika miaka ya 1660. Alichora merikebu za kila namna, na kila kamba iko mahali pake, maana alizijua kwa mikono yake. Bandari za Waislamu za kaskazini ya Afrika alizichora pia, Algiers, Tunis, Tripoli na Salé. Na alipofika Paris alichora kingo za mto Seine, vinu vya maji, na nje za mji. Meryon alikaa na picha hizo akazinakili mstari kwa mstari: kasri la Louvre kutoka mtoni, njia ya kuingilia kitongoji cha Saint-Marceau, na mashua zibebazo abiria kutoka Calais. Katika kunakili ndiko alikojifunza kwamba mto na ukuta na mashua na watu wadogo wadogo vyaweza kutosha kuwa picha kubwa.

Kisha akaanza zake. Kati ya mwaka 1850 na 1854 alichora mfululizo aliouita Eaux-fortes sur Paris, bamba 22 kwa hesabu iliyozoeleka. Na ukitaka kujua kwa nini alifanya haraka vile, itazame miaka yenyewe. Mwaka 1853 mfalme wao Napoleon wa Tatu alimpa Haussmann madaraka ya kuusimamia mji wa Paris, naye akaanza kuubomoa. Vichochoro vikafagiwa, mabarabara mapana yakapitishwa, nyumba za kale zilizosongamana katika kisiwa cha katikati ya mto zikaondolewa. Hata kabla yake kubomoa kulikuwa kumekwisha anza. Meryon ana picha ya kijinara cha nyumba moja katika Rue de la Tixéranderie, mtaa wa wafumaji. Kijinara kile kilivunjwa mwaka 1851, yeye akatoa picha yake mwaka 1852. Picha ilizaliwa baada ya nyumba kufa.

Ndugu zangu wa Mji wa Kale hapa hawahitaji kuelezwa zaidi jambo hili.

Lakini asidhani mtu kwamba Meryon alikuwa kama mpiga picha wa pasipoti, wa kunakili tu alichokiona. Alikuwa mjanja. Katika picha yake ya Le Petit Pont, daraja dogo, ya mwaka 1850, alisimama chini ukingoni kwenye maji akachora daraja, kisha minara ya kanisa la Notre-Dame akaipandisha juu kuliko jicho la mtu aliye pale chini linavyoweza kuiona. Ukienda mahali pale na picha mkononi, haipatani. Ukiondoka na ukakumbuka, yapatana. Mji unavyokaa katika kumbukumbu ndivyo alivyouchora.

Na kuna picha yake ya nyuma ya kanisa hilo, ya mwaka 1854, ambayo wengi huiona ndiyo bora kuliko zote. Kanisa limesimama ng'ambo ya mto, mbele kuna mchanga, mikokoteni na mashua. Itazame vizuri: paani hamna ule mnara mwembamba uliochongoka tuliouona ukianguka katika moto wa tarehe 15 Aprili 2019. Mnara wa kale ulikuwa umekwisha kuondolewa mwishoni mwa karne ya 18, na ule mpya ulikamilika mwaka 1859 tu. Kwa hivyo watu wa Paris walipolitazama kanisa lao baada ya moto, lisilo na mnara, waliona lile lile aliloliona Meryon. Kanisa limefunguliwa tena Desemba 2024, na mnara wake umerudishwa.

Nyingine ni nyumba ya maiti ya mji, kando ya mto, ambapo waliozama waliletwa ili jamaa zao wawatambue. Watu wanamchukua maiti kutoka majini, mwanamke amejitupa nyuma kwa kilio, na watazamaji wamejipanga juu ya ukuta kama walio sokoni. Mabomba ya moshi yanafuka kama kwamba hapana jambo. Subhanallah! Mara nyingi nimetazama picha ile na kila mara nimeifunga kabla sijaimaliza.

Sasa turudi kwenye tunu. Mwaka 1854 Meryon alichukua bamba zima la shaba, asichore nyumba wala mto, bali akaandika juu yake kwa sindano mashairi yake mwenyewe ya kumwelekea Zeeman. Anamtaja kuwa mchoraji wa mabaharia, anamwita mwalimu wake na baharia mwenzake, anasema ampenda kama nafsi yake, na mwisho anamuaga kama mtu anavyomuaga rafiki watakayeonana karibuni. Mtu aliyekufa karne mbili nyuma! Mashairi yenyewe si makubwa kwa ufundi, nakiri. Baadhi ya mabamba mengine pia ameyatilia mashairi. Katika ule Mtaa wa Vijana Waovu anauliza ni nani aliyekaa katika nyumba ile ya giza, maskini mwema au mwovu. Mimi nayapenda kwa sababu fundi aliyezoea kuandika kinyume ili isomeke sawa, aliona jina la mwalimu wake lastahili tabu hiyo.

Niliwahi kulizungumza hili barazani, baina ya magharibi na isha, kahawa ikiwa inazunguka. Mzee mmoja akanikata.

"Ami," akasema, ingawa mimi ndiye mdogo, kwa namna ya utani wetu, "huyo Mfaransa alikuwa hana watu wa kwao wa kuwasifu mpaka aende kwa Mholanzi wa zamani?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, wewe ulisoma kwa nani?"

Akamtaja mwalimu wake. Nikamuuliza na mwalimu wake alisoma kwa nani. Akamtaja, na wa juu yake akamtaja, na wa juu ya huyo, mpaka akafika kwa shekhe wa Hadhramaut asiyemwona hata katika ndoto. Aliwataja wote bila kusita, na kila jina akaliombea rehema.

"Basi," nikasema, "na yeye alikuwa akitaja silsila yake."

Mzee akacheka, akaomba kikombe kingine. Wala sisemi kwamba alikubali. Alisema tu kwamba sisi tunataja kwa ulimi na yule alitaja kwa shaba, na shaba ni ghali.

Ni ghali kweli, na Meryon hakuwa nayo fedha. Picha zile ambazo leo ziko katika majumba ya makumbusho ya dunia aliziuza kwa faranga chache, na wanunuzi walikuwa wachache. Victor Hugo alizisifu. Baudelaire, mshairi wao mkubwa, alimsifu sana katika maandishi yake juu ya maonyesho ya mwaka 1859. Sifa hizo zilikuja wakati akili yake imekwisha kuvurugika. Mwezi wa Mei 1858 rafiki yake Léopold Flameng alimchora akiwa ameketi kitandani, uso umemsawijika, na baada ya hapo akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Charenton. Alitoka mwaka 1859, akarudi kuyashika mabamba yake ya zamani na kuyageuza.

Hapa pana habari ya kusikitisha na ya kustaajabisha pamoja. Katika picha ya daraja la Pont-au-Change alikuwa amechora angani puto kubwa lililoandikwa Speranza, yaani Tumaini. Baadaye alilifuta, akajaza mbingu ile ndege wakubwa wanaoruka kwa makundi. Baudelaire, aliyeonana naye mwanzoni mwa mwaka 1860, alimwambia kuwa si jambo la kuaminika tai wengi hivyo kuonekana juu ya Paris. Meryon akamjibu kwamba lina msingi wake, kwa kuwa watu wa serikali ya mfalme walikuwa wakiwaachia tai ili kupiga ramli. Walitaka kutengeneza kitabu pamoja, Baudelaire aandike maneno na Meryon atoe picha. Hakikutoka.

Na bahari haikumwacha. Katika picha yake ya shule ya Henri IV, ya katikati ya miaka ya 1860, mji wa Paris unafika mahali unakoma, na nyuma yake alitia bahari na milima. Bahari, katikati ya Ufaransa! Mwaka 1865 alichora jengo la wizara ya mambo ya bahari, ile wizara iliyowahi kumwajiri. Mitaani watu wanapita kama kawaida, na juu angani jeshi zima la samaki, nyangumi, farasi na magari ya vita linateremka kulishambulia jengo. Waandishi wengi husema huo ni wazimu tu. Mimi sina hakika. Mtu aliyelala miaka ya ujana wake juu ya maji, kisha akafungiwa mjini na umaskini, huenda aliona anachokitamani. Oktoba 1866 alirudishwa Charenton, na Februari 1868 akafa huko, umri wake miaka 46.

Sasa ile sababu ya pili niliyoahidi. Mimi nilifunzwa kushika penseli na mtu mmoja wa Mji wa Kale, marehemu sasa, aliyekuwa akiandika majina ya majahazi na vibao vya maduka. Jina lake silitaji gazetini kwa kuwa sijaomba ruhusa ya watoto wake. Hakusoma uchoraji mahali popote. Alinifunza kwamba kamba ya tanga haichorwi kabla hujajua inafungwa wapi, na roshani haichorwi kabla hujahesabu vipande vyake vya mbao. Vibao vyake vimekwisha kung'olewa, majahazi yake yameoza au yamezama. Nyumba aliyokaa, iliyokuwa na roshani ya nakshi na baraza mbili, imevunjwa na mahali pake pamejengwa ghorofa. Nilikuwa na miaka mingi ya kuichora. Nilipita mbele yake kila siku nikienda sokoni, na kila siku nikasema kesho. Nimejaribu kuichora kwa kukumbuka, nikashindwa kuafikiana na nduguze kama madirisha ya juu yalikuwa manne au matano.

Mji wetu uliwahi kuchorwa kwenye shaba, tena zamani. Mwaka 1572, huko Cologne, Ujerumani, Braun na Hogenberg walitoa kitabu chao cha miji ya dunia, na ndani yake Mombasa iko ukurasa mmoja na Aden, Kilwa na Sofala. Lakini hiyo ni Mombasa ya kutazamwa kutoka mbali, mlima na kuta. Hapana njia ya mtu kupita, wala wanawake wawili wanaonong'onezana.

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya alfajiri, nilichukua daftari na kigoda nikaenda kukaa katika kichochoro kinachopakana na ile nyumba iliyovunjwa. Ukuta mmoja wa kale ungali umesimama, una dirisha la chini lenye nondo. Nilihesabu nondo: ni saba. Muuza kahawa akapita na dele lake akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia ninachora. Akatazama karatasi, akatazama ukuta, akasema nondo ya tatu imepinda, nami nimeinyoosha. Kweli ilikuwa imepinda. Nikaifuta nikaichora upya, na leo jioni, inshallah, nakwenda kuonana na mtoto mkubwa wa marehemu, nimwombe idhini ya kuliandika jina la babake chini yake.